Mwewe, Baba Yake na Jua Lililopatwa

Wenzake kazini walimwita Mwewe, na jina lilimkaa kama gauni lililoshonwa kwa kipimo chake. Mwewe hukaa juu akaona vifaranga wote, na mwanamke huyu alishinda juu ya winchi ya ujenzi, ile ndefu ya mnara, ndani ya kibanda cha vioo ambacho ukijinyoosha vibaya unagonga kiwiko. Kutoka humo alinyanyua nondo, matofali na ndoo za zege, akazipeleka mafundi wanakozitaka. Ukitaka kutega kazi pale, utege chini ya paa. La sivyo sauti yake ingetoka kwenye redio ya mkononi ya mfunga mizigo, kila mtu akisikia: “Mwambie yule wa shati jekundu, usingizi wake unaonekana mpaka huku.”

Hakuzaliwa na mabawa. Alizaliwa na fundi mwashi ambaye watu walimwita Mzee Timazi, kwa ile kamba yenye kizito ambayo waashi huining'iniza kuhakikisha ukuta umesimama wima. Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, amenyooka, na hakuvumilia kitu kilichopinda, kiwe ukuta, kiwe maneno. Mama yake Mwewe alifariki binti akiwa mdogo. Shangazi, dada yake Mzee Timazi, akaja msibani na begi moja, akasema atakaa siku chache kuwapikia. Hajaondoka mpaka leo, na begi lile ndilo analohifadhia vitunguu.

Kwa kuwa shangazi naye alikuwa na mashine yake ya kusaga sokoni, mtoto akitoka shule alikwenda moja kwa moja kwa baba yake, kwenye majengo. Alilelewa na vumbi la saruji. Jioni moja, mafundi wengine wamekwisha kwenda zao, mzee alimpandisha juu ya paa la zege lililokuwa bado halijakauka vizuri kwenye kingo, wakakaa kungojea mwezi uchomoze. Redio ilikuwa imetangaza kwamba mwezi utapatwa. Ukachomoza kweli, tayari umemegwa upande, na kadiri ulivyopanda ndivyo ulivyozidi kuliwa, hadi ukawa mwekundu mzima kama tofali lililotoka tanuruni.

“Baba, nani kaula?”

“Hajaula mtu. Dunia imepita katikati, imeuzibia jua. Kile unachokiona pale ni kivuli chetu.”

Mtoto akafikiri. Kisha akasimama, akanyoosha mkono juu, akaupunga kwa nguvu zake zote, akiukodolea macho mwezi kuona kama kivuli cha mkono wake nacho kitapunga. Mzee Timazi alicheka mpaka akatafuta mfuko wa saruji wa kukalia. Kisha naye, mtu mzima na ndevu zake, akasimama akapunga, “tuone labda wangu mrefu utafika.”

Mtoto wa namna hiyo humwambii habari ya kuogopa juu. Alipofika chuo cha ufundi akachagua winchi, na siku ya majaribio wanafunzi walipandishwa mnarani mmoja mmoja. Wengine walishuka wakiomba dua, mmoja akaapa kurudi kwa wazazi wake akafuge kuku. Yeye alishuka akiuliza chakula kimetengwa wapi. Hata mume aliyekuja kumpata, fundi cherehani mpole wa mtaa wa pili, ni mtu ambaye mpaka balbu ya chumbani humwachia mkewe abadilishe. “Kila ndoa na kichwa chake,” husema yule bwana. “Yetu kichwa kiko juu sana, mimi nimeshika miguu.”

Maisha yakaenda. Kisha macho ya Mzee Timazi yakaanza kumsaliti. Yalianzia pembeni. Alianza kujigonga kwenye milango aliyoipita miaka yote, akailaumu milango. Baadaye akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe likazidi kuwa jembamba. Hospitali walisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Mzee alisikiliza, akashukuru, akarudi nyumbani akaosha mwiko wake, akaupaka mafuta usishike kutu, akauning'iniza ukutani. Hakulia mbele ya mtu.

Mwewe na mumewe wakamhamishia kwao, yeye na shangazi na begi la vitunguu. Tangu hapo ikawa kila jioni Mwewe akitoka kazini huoga, hubeba vikombe viwili vya chai, huketi na baba yake kwenye benchi ya uani.

“Haya, mama. Leo mji umeshindaje?”

Naye husimulia. Magari yaliyosongamana darajani, wanawake waliokuwa wakianika nguo kwenye paa la jengo la jirani wakagombana kisha wakasaidiana kukunja shuka, mvua iliyonyesha upande mmoja wa barabara tu. Akichoka akifupisha, mzee alimkatiza: “Kazi yako iko juu, mwanangu, sawa. Lakini usinisimulie juu juu.” Basi huanza upya: rangi ya shuka, nani alianza kucheka.

Hata hivyo mzee hakutoka nje ya geti. Walimwomba aende msikitini, walimwomba aende sokoni, fundi cherehani alijitolea kumshika mkono mpaka kinyozi. Hakutaka. Alisema barabara zimejaa watu wenye macho wasiotazama wanakokwenda, yeye ataongeza nini?

Ndipo zikaja habari za kupatwa kwa jua. Si kumegwa pembeni tu. Jua zima lingezibwa na mwezi, adhuhuri, na kivuli kingepita juu ya mji wao wenyewe. Mji mzima ukapagawa. Miwani ya karatasi yenye vioo vyeusi ikauzwa kila duka, mpaka la viatu. Shangazi alitangaza kwamba siku hiyo atafunika sufuria zote, na alipoulizwa kwa nini, akasema hajui, ila sufuria iliyofunikwa haijawahi kumdhuru mtu.

Mwewe alimwambia baba yake uani.

“Baba, siku hiyo njoo kazini kwangu. Kazi itasimama. Uwanja ni mpana, hakuna nyumba ya kuziba. Nitakaa na wewe, nikusimulie.”

Mzee alitabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikuwa la kufunga mlango. “Kipofu apelekwe kutazama jua linazima? Mwanangu, huko ni kumnunulia mwenye kipara kitana.”

“Kitana si lazima uchanie. Unaweza kujikunia.”

“Nimesema siendi.”

Mwewe alimjua baba yake, ukimsukuma anazidi kuwa ukuta. Lakini shangazi, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alimjua zaidi.

“Muache kaka yangu apumzike,” alisema. “Nitakwenda mimi. Nitarudi nimsimulie.”

“Wewe?” mzee akageuza kichwa. “Wewe ulipotumwa kutazama kama maziwa yamechemka ulirudi ukasema hukuona vizuri.”

“Basi hivyo hivyo nitakusimulia. Nitasema, kaka, palikuwa giza, sikuona vizuri.”

Mzee alikunywa chai yake mpaka mwisho. Alipoweka kikombe chini akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichokusudia kununua, “Hapo kazini kwenu kuna kivuli cha kukaa?”

Siku ilipofika mbingu zilikuwa safi, hakuna hata wingu la kufutia kalamu. Fundi cherehani alimnyooshea mkwewe shati jeupe, kisha akaenda zake dukani, ambako wateja walikuwa wamemwahidi kutazama naye. Shangazi akamshika mzee mkono, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale, Mzee Timazi akapita geti.

Kwenye ujenzi alipokewa kama bwana harusi. Yule mfunga mizigo, ambaye kazi yake ni kufunga minyororo chini na kumwongoza Mwewe kwa ishara na redio, alikuwa mtu wa mzaha aitwaye Kidole, kwa jinsi alivyoweza kusema hotuba nzima kwa kidole kimoja. Alimvika mzee kofia ngumu ya njano, akamkalisha kwenye kiti chini ya wavu wa kijani uliotandazwa kuzuia vumbi. Msimamizi, mhandisi kijana mwenye sauti ya kukwaruza, alipita akigawa miwani na onyo: mtu asiangalie jua bila miwani mpaka lizibwe lote, na likianza tu kurudi, avae tena. Na neno moja zaidi: giza likiingia, asionekane mtu kwenye ngazi yoyote. Aliye juu abaki juu, aliye chini abaki chini.

Mpango wa Mwewe ulikuwa ashuke mapema. Mpango wa lori ulikuwa mwingine. Lilipaswa kuleta tangi la maji la chuma asubuhi, likaja limechelewa, likaziba barabara na foleni ya magari yanayopiga honi nyuma yake. Tangi lazima lipandishwe juu ya jengo, lori liondoke. Jua lilikuwa limekwisha kuanza kumegwa Mwewe alipopanda mnarani mbio, akaketi, akalinyanyua. Na upepo nao, ambao asubuhi yote ulilala, ukaamua kuamka. Tangi likaanza kuzunguka kwenye mnyororo kama mtu anayetafuta mlango. Hapo hakuna haraka. Alilishikilia hewani, akalisubiri litulie, akalishusha kidogo, upepo ukalisukuma, akalinyanyua tena. Lilipoketi mahali pake na mafundi wa juu wakalifungua mnyororo, mwanga ulikuwa umekwisha kubadilika, umekuwa mwembamba kama chai iliyoongezwa maji. Akauacha mkono wa winchi huru ufuate upepo, akainuka, akafungua mlango wa ngazi.

“Mwewe,” sauti ya msimamizi ikakwaruza redioni. “Muda hautoshi. Rudi kaa.”

“Bosi, baba yangu yuko chini.”

“Namwona. Yuko salama. Nataka na wewe uwe salama. Funga mlango.”

Alitazama ngazi, ndefu, ikishuka ndani ya mnara. Alijua msimamizi ana haki. Alifunga mlango, akakaa, na machozi ya hasira yakamjaa. Miezi yote ya kubembeleza, mpaka mzee katoka nyumbani, leo anakaa huko chini bila wa kumsimulia, katikati ya watu wanaopiga kelele “tazama! tazama!” Alimwona kutoka kule juu: kidoa cheupe chenye kofia ya njano.

Redio ikalia tena. Mara hii haikuwa ya msimamizi.

“Haloo? Kidole, nabonyeza wapi? Haloo?”

“Baba?”

“Eeh. Kijana wako amenipa hiki kidude chake. Anasema nikiachia ndiyo nasikia, nikibonyeza ndiyo nasema. Nimesikia umekwama.”

“Nimekwama, baba. Nisamehe.”

“Nikusamehe nini? Hapo ulipo ni pazuri kuliko hapa. Hapa kila mtu anatazama juu tu, wewe unaona pande zote. Haya, mama. Jua likoje? Na usinisimulie juu juu.”

Mwewe akacheka huku pua imeziba. Akavaa miwani, akatazama. “Limebaki ukingo. Kama ukucha uliokatwa.”

“Rangi?”

“Kwa miwani ni la machungwa. Bila miwani siwezi kulitazama, lakini mji nauona. Kila kitu kina kivuli kikali, baba, kama kimechorwa kwa kisu. Na rangi zimepauka. Mabati yote yamekuwa ya kijivu kama madini ya risasi.”

Redio za mkononi pale kazini zilikuwa kwenye mkondo mmoja. Mafundi waliokuwa nazo waliziongeza sauti, na wasiokuwa nazo wakasogea. Polepole uwanja mzima ukawa unamsikiliza Mwewe.

“Mzee,” Kidole alisema chini, “nyoosha mkono. Kiganja juu.” Matundu ya wavu yalikuwa yakipitisha mwanga, na kila tundu lilichora jua dogo lililomegwa, likamjaa mzee kwenye shati jeupe na kwenye kiganja. “Una vijijua vingi mkononi, vyote vimeliwa upande. Kama mapande ya ndizi.”

Mzee alifumba kiganja taratibu, kama anayeokota. “Havina joto,” alisema. Kisha akabonyeza redio. “Mwanangu, joto limeondoka usoni kwangu. Lilikuwa upande huu, limeondoka. Na ndege wanapita juu ya kichwa changu, wengi, wanakwenda kulala. Unawaona?”

“Nawaona, baba. Kunguru. Wanaingia kwenye ile miti ya hospitali.” Kisha sauti yake ikabadilika. “Baba! Kinakuja!”

“Nini?”

“Kivuli! Kinatoka kule jua linakotua. Kama mvua kubwa, lakini hakuna mawingu. Kimemeza vilima. Kimemeza minara ya simu. Kinakimbia, baba, sijawahi kuona kitu kikikimbia hivi, kimefika kwenye reli, kimefika darajani, taa za barabarani zinawaka zenyewe nyuma yake, kinakuja kwetu—”

“Kiko wapi sasa?”

“Kimefika!”

Na giza likashuka. Uwanja mzima ukapiga ukelele mmoja, kisha ukanyamaza ghafla, kama kwamba mtu ameushika mdomo. Mwewe alivua miwani. Pale jua lilipokuwa palikuwa na tundu jeusi, duara kamili, na kuzunguka duara hilo nywele nyeupe za mwanga zilitawanyika pande zote, laini, zimetulia. Nyota moja kubwa iling'aa pembeni. Na huku kando kabisa ya dunia, mashariki na magharibi na kila upande, palikuwa na rangi ya machweo, kana kwamba jua limetua kila mahali kwa wakati mmoja.

Alibonyeza redio ili aseme. Hakuna neno lililokuja. Chini kila mtu alisikia pumzi yake tu.

“Baba,” alisema hatimaye. “Baba, siwezi.”

“Usiseme,” mzee akajibu polepole. “Nasikia. Watu wote hawa wamenyamaza. Nimefanya kazi kwenye majengo maisha yangu yote, sijawahi kusikia mafundi wamenyamaza. Hata honi barabarani hakuna. Kuna mtu analia upande wangu wa kulia, nadhani ni msimamizi wenu.”

Alikuwa msimamizi kweli.

“Ni zuri?” mzee akauliza.

“Zuri, baba. Zuri mno.”

“Basi tazama. Tazama kwa niaba yetu wawili, utanieleza tukifika nyumbani.”

Shangazi, ambaye tangu kuanza alikuwa amejifunika mtandio kichwani akisema atatazama wenzake wakishatazama na wakabaki hai, alichungulia kwa jicho moja. Kisha la pili. Mtandio ukamdondoka mabegani, naye hakuuokota. “Kaka,” alinong'ona, akamshika mkono. “Kaka, nimeona vizuri.”

Kisha ukingoni mwa lile duara jeusi ikachomoka nukta moja ya mwanga, kali, kama kito kwenye pete, na mwanga ukamwagika juu ya mji. Mwewe alipiga kelele kwenye redio, “Limerudi! Vaeni miwani! Limerudi, baba!” na chini mafundi wakarukaruka, wakakumbatiana, wakagonga mabeleshi kwenye mabomba, na jogoo mmoja nyuma ya ukuta akawika kwa sauti ya mtu aliyechelewa kazini. Mzee Timazi aliinuka kutoka kitini, akavua kofia ya njano, akaipunga juu ya kichwa chake na kucheka kwa ile sauti yake ya zamani, ya kutafutia mfuko wa saruji. Mwewe alimwona vizuri kutoka juu. Alifungua dirisha la kibanda, akatoa mkono wake wote nje, akapunga.

Mwanga ulipotosha, msimamizi akaruhusu ngazi. Mwewe alishuka hajui kama anakanyaga chuma au hewa. Baba yake alikuwa bado amesimama, amezungukwa, mafundi vijana wakimuuliza kama kweli aliusikia ubaridi kabla yao. Alimkumbatia hadi kofia ikaanguka.

“Ulisimulia vizuri,” mzee alimwambia sikioni. “Pale uliponyamaza ndipo hasa nilipoona.”

Wakati wa kurudi nyumbani, mzee hakukubali kupita njia ya mkato. Alitaka barabara kuu. Alisimama kwa kinyozi, akanyolewa, akamsimulia kinyozi. Akasimama kwa fundi cherehani, akawasimulia wateja, ambao wenyewe walikuwa wameona kila kitu na bado walimsikiliza. Ilipofika jioni, uani kwa Mwewe hapakuwa na mahali pa kukaa. Majirani walikuja na viti vyao. Mwewe alikuwa jikoni anaandaa chai, mumewe akisugua vikombe, sauti ya mzee ikiwafikia dirishani.

“...kivuli kikaja kimepita darajani, kasi yake risasi ikasome! Nyota zikatoka, nyingi, zimejaa kama mchele sinia zima!”

“Ilikuwa moja, kaka,” shangazi akasema.

“Nyingi! Na ng'ombe wote wakalala chini.”

“Ng'ombe gani, mjini hapa?”

“Wewe ungewaona wapi, si ulikuwa umejifunika mtandio?”

Ua mzima ukaangua kicheko. Fundi cherehani alimtazama mkewe. “Hutoki ukamsahihishe? Wewe ndiye uliyeona.”

Mwewe alipanga vikombe kwenye sinia, akaongeza sukari kwenye cha baba yake. “Muache,” alisema. “Nataka kusikia hao ng'ombe waliamka vipi.” Akabeba sinia, akatoka nje kutafuta mahali pa kukaa.